Kutafuta herufi kwa NEON (amri za prosesa za ARM zinazoshika baiti nyingi kwa mpigo): programu inaanguka mwisho wa ukurasa

Mdau wa Sinza: Wakuu, kitafutaji changu cha Raspberry Pi 4 kinasoma baiti 16 kwa mpigo. Maandishi yakiishia ukingoni mwa ukurasa wa kumbukumbu, programu inaanguka. Kosa liko wapi?

Fundi Kariakoo: Mkuu, unavuka mpaka wa ukurasa (baiti 4096) na kuingia ukurasa usio wako. Shusha anwani ya kuanzia kusoma hadi kigawe cha 16; kipande cha baiti 16 kinachoanzia hapo hakivuki kamwe. Linganisha na sufuri pia (baiti inayofunga maandishi), usipitilize mwisho wa maandishi.

Mama Kodi, Tabata: Na usitafute pmovmskb ya Intel (amri inayokusanya biti moja ya kila baiti), ARM haina. Baada ya cmeq (amri ya kulinganisha baiti), shrn #4 (sukuma kulia na kubana) inakupa biti 4 kwa kila baiti. Kwa kipande cha kwanza, sukuma matokeo hayo kulia biti 4 × baiti ulizoshuka, ili kuondoa zilizo kabla ya maandishi. Kisha rbit (geuza mpangilio wa biti), clz (hesabu sufuri za mwanzo), gawa kwa 4 upate nafasi ya herufi.

Mdau wa Sinza: Sukuma hiyo ndiyo niliyokosa. Shukrani sana.