Kikundi cha familia: Gari la Babu

Dada Mkubwa, 07:12
Wapendwa, shikamooni wakubwa. La gari tulimalize leo. Prado iuzwe, tuchukue kadogo ka mjini. Injini ya cc 2700 kumpeleka mtu mmoja kliniki? Kila mtu aandike NDIYO au HAPANA.

Dada Mkubwa, 08:03
Tiki za bluu naziona.

Kaka, 08:20
Kadogo gani?

Dada Mkubwa, 08:21
Vitz au Passo, cc 1000. Hizo zinanusa mafuta tu. Na kupaki je? Passo haifiki hata mita 4.

Mdogo, 08:24
Baba Mdogo akiingia kwenye Passo, sisi wengine tunafuata kwa miguu 😂

Baba Mdogo, 08:26
Kitambi changu kimekukosea nini wewe mtoto

Dada Mkubwa, 08:27
Jamani mada! Bima inaisha mwezi huu.

Binamu Fundi, 09:15
Passo ya cc 1000 ni silinda 3, ikisimama kwenye taa inatetemeka kidogo. Si ubovu, ndivyo ilivyo. Cha kuogopa ni gia boksi. Kama ni CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, inataka oili yake yenyewe, mwenye gari akiwa ameweka ya otomatiki ya kawaida imekula kwenu. Na nitaikagua injini ikiwa baridi, dalali asije akawa ameshaipasha.

Kaka, 09:31
Kama ni kubana matumizi, si twende kwenye zile za Japani za cc 660? Alto.

Binamu Fundi, 09:40
Hizo kisheria kwao upana mwisho mita 1.48. Mjini raha, inapenya popote. Ila mkiwa wanne na mlima uko mbele, zimeni AC.

Dada Mkubwa, 09:42
Kwa hiyo Passo. NDIYO mpaka sasa ni moja, yangu 🙄

Shangazi, 10:41
Hela ya Prado inaingia kwa nani? Nauliza tu. Ya pikapu mpaka leo sijaona hata karatasi.

Dada Mkubwa, 10:43
Shangazi yangu, la pikapu si lilishaisha?

Shangazi, 10:43
Kwako.

Baba Mdogo, 10:50
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mdogo, 10:51
Tumeshausoma 👀

Babu, 11:30
Ananiandikia mjukuu. Kadi ya gari ina jina langu, na mimi nipo hai. Gari dogo sikatai. Goti ndilo halikunjiki, siwezi kujishusha mpaka chini. Lileteni nikae ndani kwanza, ndipo muuze. La pikapu, mwenyewe anajijua. Aje hapa, asiandike.

Dada Mkubwa, 12:14
Sawa Babu, tumekusikia.

Mdogo, 12:15
Shikamoo Babu 🙏🏾

Binamu Fundi, 12:40
Kama shida ni goti, tafuteni Wagon R. Nayo ipo ya cc 660, lakini paa limeinuka na kiti kiko juu. Babu atakaa bila kujikunja.

Dada Mkubwa, 12:41
Usituongezee gari la tatu!! Jumamosi ijayo lete Passo, na hiyo ukiipata. Sasa mnunuzi wa Prado anataka jibu leo, nimwambieje?

Kaka, 13:05
Asubiri.

Shangazi, 13:06
Na karatasi.

Dada Mkubwa, 18:30
Baba Mdogo upo?

Shemeji, 22:17
Samahanini, nilikuwa safarini. NDIYO. Tunanunua nini?