Gari la porini kubugia mafuta kwenye lami: ni ugonjwa au ni maumbile yake?

Mkaazi wa Tudor

Assalaam aleikum wanabaraza. Ami yangu amenipa Land Cruiser ya muundo wa 70, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, aliyokuwa akiitumia shambani Taita. Kabla yake nilikuwa na Probox ya petroli ya sisi 1500, na gharama ya mafuta haikuwahi kuninyima usingizi. Kila siku natoka Tudor kwenda kazini Miritini, na mwisho wa wiki nakwenda Kinango kumtazama mama, ambako kilomita tisa za mwisho ni udongo unaonata mvua ikinyesha. Nimepima mara tatu kwa kujaza tangi hadi juu, kuandika kilomita na kujaza tena, na kila mara nimepata kilomita 7 kwa lita, ilhali Probox ilinipa 14. Fundi mmoja amesema pampu ya dizeli imechoka na anataka kuifungua. Kabla sijatoa pesa hizo, ningependa kufahamu kama huu ni ugonjwa au ni maumbile ya magari haya, na kama ni maumbile, mafuta yanakwenda wapi hasa, maana gari lenyewe halina mbio.

Fundi Mstaafu, Changamwe

Wa aleikum salaam, mwanangu. Pampu usiifungue kwanza. Iliyochoka hujitambulisha: gari husumbua kuwaka asubuhi, huishiwa nguvu kwenye mlima, au hutoa moshi mweusi kila ukikanyaga. Kama huoni hayo, badilisha filta ya hewa, kwa kuwa gari limetoka kwenye vumbi, kisha tulitazame gari lenyewe.

Land Cruiser za muundo huo, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, zimejengwa juu ya chasi ya vyuma viwili virefu, na bodi ikakalishwa juu yake, tofauti na Probox ambayo bodi yake ndiyo inayobeba kila kitu. Ongeza ekseli nzima ya chuma mbele na nyuma, difu mbili (gia za kugawia magurudumu ya kila ekseli nguvu), na giaboksi ya pili ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na utaona kwa nini uzito unapita tani mbili kabla hujapakia hata gunia moja, wakati Probox ina tani moja na kidogo. Sasa fikiria foleni yako ya asubuhi. Kila unapofika mwendo wa kilomita 50 kwa saa kisha ukasimama, nguvu yote ya mwendo huo inageuka kuwa joto la breki, na gari lenye uzito maradufu hupoteza maradufu. Nimepiga hesabu hiyo kwa gari la tani 2.2: ukisimama hivyo mara 50, umekwisha kuteketeza takriban lita moja ya dizeli kwa breki peke yake, na kutoka Tudor hadi Miritini na kurudi, kwa siku mbili au tatu, mara 50 hazikosi kutimia.

Kuhusu mbio, umeligusa jambo lenyewe. Gia zake zimepangwa kwa kuvuta, kwa hiyo injini huzunguka mara nyingi kwa kila kilomita, na pistoni sita kubwa zina msuguano wake hata pale ambapo huhitaji nguvu zao. Tazama pia hab za magurudumu ya mbele, yaani vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na shafti yake. Zikiwa zimefungwa, shafti na difu ya mbele huzunguka pamoja na magurudumu hata ukiwa kwenye lami, na mafuta ndiyo yanayozizungusha.

Mama Safari, Mtwapa

Mzee wangu, kwa heshima zote, uzito unaeleza habari ya mjini, lakini barabara kuu ina habari yake. Mimi napeleka wageni Tsavo Mashariki kwa gari la jamii hiyo hiyo, na nimejifunza kwamba ukishapita Mariakani na njia ikafunguka, adui mkubwa ni hewa. Uzito hurudi kudai haki yake hasa kwenye kupanda: tani mbili na nusu zikitoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hula kama lita tatu na nusu kwa kupanda peke yake, na sehemu ndogo tu hurudi kwenye miteremko.

Wahandisi hupima jinsi umbo linavyokatiza hewa kwa namba moja, na ikiwa ndogo gari hupita kwa wepesi zaidi. Prius ya kizazi kilichotoka mwaka 2015 ina 0.24, Jeep Wrangler iko karibu na 0.45, na Mercedes G, yenye umbo la kasha, ilikaa na 0.54 kwa miaka mingi. Namba hiyo huzidishwa kwa ukubwa wa uso wa gari, na magari haya ni mapana tena marefu kwenda juu. Ukiongeza mwendo kutoka 80 hadi 110, nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma inakaribia kuwa maradufu. Wala wasanifu hawakukosea. Pua fupi iliyosimama ndiyo inayoliwezesha gari kupanda ukingo wa lugga (mto mkavu) bila kugonga, na nafasi kubwa chini ya tumbo ndiyo inayolivusha kwenye mawe, ingawa kwenye lami hewa huingia humo ikajigonga kwenye ekseli na tangi. Huwezi kulisawazisha lote hilo na gari likabaki lile lile. Unachoweza ni kuondoa usichokitumia. Je, lina keria juu?

Mwalimu, Kisauni

Ndugu, hebu tuiangalie na mizani yenyewe, yaani kipimo chako cha kilomita. Je, ami alibadilisha matairi? Tairi kubwa kuliko la kiwandani husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, ilhali dashibodi huendelea kuhesabu kwa kipimo cha zamani, hivyo unaandika kilomita pungufu na gari linaonekana kula kuliko linavyokula. Linganisha na simu yako kwa kilomita 100.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru sana nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuja na namba. Matairi ni ya meno makubwa, na simu iliposema kilomita 100 dashibodi ilisema 96, kwa hiyo ile 7 yangu ilikuwa 7.3 tangu mwanzo. Hab za mbele zilikuwa zimefungwa, nadhani tangu shambani. Upepo wa matairi ulikuwa psi 24, chini mno ya ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Keria ilikuwepo, nzito, tupu, nami nimeishusha. Moshi mweusi hauonekani, na pampu sikuigusa. Tangi la mwisho limenipa 8.4 kwa hesabu iliyosahihishwa. Sasa nasitasita kuhusu matairi: niyatoe haya ya meno?

Fundi Mstaafu, Changamwe

Kwa lami, matairi ya meno hula mafuta, kwa sababu kila jino hujikunja na kujinyoosha likigusa chini na kazi hiyo hupotea kama joto. Lakini masika yanakaribia, na mama yako yuko mwisho wa kilomita tisa za udongo. Yaache mpaka mvua ziishe, ushushe upepo kidogo ukifika pale lami inapokoma, na usisahau kuujaza tena ukirudi.