Kuorodhesha miti ya jamii ya mikunde Gede: tufuate majina gani, na mbona vijani vinapukutika?

Mlinda Msitu (Gede)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu kimepata idhini ya kuorodhesha miti ya jamii ya mikunde katika kipande cha msitu ubavuni mwa Arabuko-Sokoke, kisha kuotesha ile iliyobaki michache. Tumekwama mahali patatu.

Vitabu vya zamani vinaweka mbambakofi, mrihi, mtandarusi na mkwaju chini ya Caesalpiniaceae, orodha mpya zasema Detarioideae. Tuandike lipi? Halafu matawi tunayobana kwenye magazeti yanapukutisha vijani vyote (vile vipande vinavyounda jani moja) kabla hata hayajakauka, mkwaju na mgunga ndio wabaya zaidi. Na miche ya mrihi huota vyema, ikifika majani matano sita inageuka manjano na kudumaa, ilhali samadi tunaitia ya kutosha. Wenye ujuzi tusaidieni.

Jani na Ganda (Malindi)

Waaleikum salaam. Andikeni Detarioideae. Mpangilio unaofuatwa sasa ulitolewa mwaka 2017 na jopo la wataalamu wa mikunde wa nchi nyingi, baada ya kulinganisha jeni moja ya kloroplasti (zile chembe za kijani ndani ya seli za mmea), matK, katika spishi 3,696. Ikaonekana kwamba lile kundi la zamani la Caesalpinia lilikuwa limebeba kila kisichoingia kwingine. Baadhi ya miti yake ina udugu wa karibu na migunga kuliko na wenzake waliomo kundini. Ndiyo maana mafungu matatu ya zamani yakawa familia ndogo sita.

Kwa miti yetu ya pwani: mbambakofi (Afzelia quanzensis), mrihi (Brachystegia spiciformis), mtandarusi (Hymenaea verrucosa), mkwaju (Tamarindus indica) na Cynometra webberi wa udongo mwekundu, yote ni Detarioideae. Msegese (Piliostigma thonningii) ni Cercidoideae. Dialium orientale ni Dialioideae. Migunga na mikenge sasa imo ndani ya Caesalpinioideae, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu jina ni lile la zamani lakini waliomo si wale wale. Mpingo ni Papilionoideae. Ya sita, Duparquetioideae, ina spishi moja tu duniani nayo iko Afrika Magharibi na Kati, kwa hiyo isiwashughulishe.

Migunga pia ilibadilishiwa majina. Mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 uliliacha jina Acacia kwa miti ya Australia, na ya kwetu ikagawanyika kuwa Vachellia na Senegalia. Vachellia ina miiba miwili miwili iliyonyooka kwenye kifundo, Senegalia ina miiba iliyopinda kama kucha. Msitegemee miiba pekee: Vachellia tortilis ina mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kwenye tawi moja. Ukiona maua yamekusanyika kama mpira mdogo, elekea Vachellia. Yakiwa kwenye kishada kirefu, elekea Senegalia.

Katika jedwali lenu tengeni safu ya jina la sasa na safu ya majina ya zamani, kwa sababu hebaria nyingi (hazina za mimea iliyokaushwa) bado zina lebo za zamani. Mtandarusi, kwa mfano, mtaukuta kama Trachylobium verrucosum. Jina la kienyeji liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha yake, Kigiriama, Kisanye au Kiamu, ila lisiwe ndilo linaloamua spishi. Jina moja mara nyingi hubeba miti miwili mitatu.

Alama za kutazama porini: jani la mtandarusi lina vijani viwili tu. Liinue juani uone vitone vinavyopitisha mwanga, na ganda lake lina vipele vilivyojaa utomvu, yaani sandarusi yenyewe. Msegese unafanana nao kwa mbali, lakini ule una jani moja lililopasuka nchani. Mrihi kwa kawaida una jozi nne za vijani, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa. Mbambakofi hauna ubishi ukipata ganda: nene, gumu kama ubao, mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu.

Hebaria ya Pwani (Witu)

Nijibu la kupukutika. Tawi likikaushwa polepole seli zake hubaki hai kwa siku kadhaa, na mti wa mikunde ukihisi kiu hufunga kiungo cha kila kijani na kukiangusha. Kwa unyevu wa pwani, hasa masika, gazeti haliwezi kulitangulia jambo hilo. Dawa ni kuliua jani mapema. Chovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, likung'ute, kisha libane. Au lipake spiriti pande zote mbili.

Lakini kabla ya maji moto au spiriti, chukua kipande cha jani changa lisilo na ugonjwa kwa ajili ya vinasaba, kwani vyote viwili huviharibu. Kitie kwenye mfuko mdogo wa karatasi kama ule wa majani ya chai, kisha kwenye chembe za silika, zile zinazofyonza unyevu: gramu 1 ya jani kwa gramu 10 za silika. Chembe zikibadilika rangi ndani ya siku ya kwanza, zibadilishe.

Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo, na kila tawi litenganishwe na jingine kwa kadibodi yenye mifereji ili hewa ipite. Moto wa jiko uwe mdogo na mbali. Jani likikaangika linakuwa jeusi na kuvunjika. Maganda manene msiyabane. Yatieni mfuko wa kaki wenye namba ile ile ya tawi. Vijani vilivyoanguka vikusanyeni kwenye bahasha, navyo ni sehemu ya kielelezo (sampuli kavu inayohifadhiwa kama ushahidi wa mti).

Mti ukiwa na matawi ya kutosha, toeni nakala tatu: moja ya Hebaria ya Afrika Mashariki kule Makumbusho ya Taifa Nairobi, moja ibaki karibu nanyi, moja ya kumpelekea mtaalamu wa kundi hilo. Kwenye lebo, andikeni kile ambacho jani kavu halitakisema kamwe: rangi ya ua, harufu na rangi ya gome likikwanguliwa, kama linatoa utomvu, kimo cha mti, unene wa shina kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, vipimo vya GPS, na udongo. Arabuko-Sokoke udongo ni nusu ya jibu: mrihi hutawala mchanga mweupe usio na rutuba, Cynometra mchanga mwekundu, na mbambakofi na mtandarusi huwa kwenye msitu mchanganyiko. Jina bila kielelezo hakuna atakayeweza kulihakiki baadaye, hata liwe sahihi.

Kama kipande chenu kinagusa kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda), idhini ya serikali haitoshi. Nendeni kwa wazee kwanza, na wakisema jani lisitoke, lisitoke. Pigeni picha tu.

Miche Bora (Malindi)

Hapa ndipo ule mpangilio mpya unapofaa hata kwa mwenye bustani ya miche. Watu hudhani kila mmea wa mikunde una vinundu mizizini vya kuvuta nitrojeni. Sivyo. Vinundu hupatikana ndani ya familia ndogo mbili tu, Papilionoideae na Caesalpinioideae, na hata humo si vyote: mkenge na mpingo vinavyo, mjohoro hauna. Detarioideae hawana kabisa. Mrihi na mbambakofi huishi kwa kuvu wanaovika ncha za mizizi kama soksi na kuiletea fosforasi. Mche usiompata kuvu huyo hula akiba ya mbegu, ikiisha unageuka manjano. Ndiyo hayo mnayoyaona. Samadi nyingi inazidisha, maana penye fosforasi tele mzizi haumkaribishi kuvu.

Fanyeni hivi. Chukueni udongo wa juu, sentimita 10 hivi, chini ya mrihi mkubwa ulio hai, pamoja na vijizizi vyake. Changanyeni sehemu moja ya huo na sehemu tatu za mchanga wa hapo hapo. Msiuchemshe wala kuuanika, kuvu atakufa. Samadi acheni. Mbegu za mrihi zipandwe mbichi. Maganda yake hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu, kwa hiyo yachumeni yakianza kuwa kahawia, myafunike kwa wavu.

Mbambakofi: ondoa ile kofia nyekundu (ikibaki inaalika ukungu na panya), kwaruza ganda la mbegu upande usio na kofia kwa tupa hadi weupe uonekane, loweka usiku kucha, panda kwenye mfuko wenye kina cha sentimita 25 au zaidi. Mzizi mkuu hushuka haraka, na ukijikunja mfukoni mti hautasimama vizuri shambani. Mbegu zake zilizokaushwa vyema huhifadhika muda mrefu.

Mlinda Msitu (Gede)

Shukran sana, udongo tutauchukua wiki hii. Swali moja limebaki: kuna spishi tumekuta miti miwili tu. Tuandike imo hatarini?

Jani na Ganda (Malindi)

Andikeni "miti miwili imeonekana" na eneo mlilolikagua. Daraja la hatari la IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile) hupewa spishi nzima, si kipande kimoja. Mbambakofi umeenea hadi Afrika Kusini, kwa hiyo kama spishi haujafika daraja hilo, lakini kwenu unaweza kwisha kabisa. Spishi ya pwani pekee ndiyo hesabu yake huwa ngumu. Hupimwa kwa kuchora miraba ya kilomita 2 kwa 2 mahali penye kielelezo: ikiwa jumla haifiki kilomita za mraba 500, na kuna ushahidi wa makazi kupungua na kukatikakatika, inaweza kuwa Hatarini. Chini ya 10, Hatarini Kabisa. Vielelezo vyenu ndivyo vinavyojaza miraba hiyo.

Mbegu za miti hiyo miwili msichukue zaidi ya asilimia 20 ya zilizoiva siku hiyo. Tafuteni pia mama miti wengine (miti ya kutoa mbegu) vipande vya jirani, kwani miche ya wazazi wawili ina urithi finyu.

Hebaria ya Pwani (Witu)

Niongeze kwa wenye biashara ya mbao wanaosoma hapa, mafundi wa milango Lamu wakiwemo: tangu uamuzi wa 2022 wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini), Afzelia wote wa Afrika wamo Kiambatisho cha II, yaani orodha ya spishi ambazo biashara yake hudhibitiwa, na jenasi nzima ya mpingo, Dalbergia, imo tangu 2017. Ubao ukivuka mpaka unahitaji kibali.

Na mama miti ipigeni kibati cha alumini chenye namba ile ile ya kielelezo, kwa msumari wa alumini, mita 1.6 juu. Uacheni msumari utokeze sentimita 3, shina lipate nafasi ya kunenepa bila kukimeza kibati.