Tupeane uzoefu: orodha zetu za linki za fandomu (jamii za mashabiki) zilivyobadilika, toka enzi za saiba mpaka Telegram

Wa Kisauni (mwenye uzi):
Hamjambo wapenzi wa anime na drama. Juzi nlifungua faili langu la linki za hadithi wanazoandika mashabiki, nlolianza 2006, nkabonyeza moja moja, nyingi zimekufa kabisa. Lakini maneno nlokuwa nimeandika pembeni yapo vile vile, "ndefu, soma usiku, kaka mtu harudi," na kwa maneno hayo tu nkaitafuta hadithi ile nkaipata iko Archive of Our Own, ile tovuti ya hadithi za mashabiki. Saivi huku Telegram twatupiana linki kumi kwa mpigo bila neno hata moja na yaniuma kweli. Zenu je?

Wa Likoni:
Wallahi umenikumbusha mbali. Mi kule LiveJournal, tovuti ya blogu, kulikuwa na dada mmoja atoa orodha kila Jumapili, na kila alichoweka keshakisoma mwenyewe, akwambia hii yaliza, hii haijaisha usianze. Pesa ya saiba ni ya nusu saa, kwa hivo nlikuwa nafungua alizosifu yeye tu, nasevu kwa flashi, navuka feri naenda kusomea kwa kompyuta ya binamu isiyo na intaneti. Halafu hadithi zikawa nyingi, akatafuta wasaidizi, kila mtu na siku yake, maelezo yakafupika yakabaki jina na mwandishi, mwisho majina matupu, na siku moja hakutoa tena. Hakuaga. Nlingoja Jumapili tatu.

Wa Tudor:
Sisi tulihamia Delicious, tovuti ya kuhifadhia linki, kwa ajili ya tagi (maneno ya kupangia linki), wapanga kwa wahusika, kwa urefu, kwa kila kitu. 2011 Yahoo wakaiuza, wenyewe wapya wakaibadilisha, na alama ya mkwaju (/) tunayotenganishia majina ya wapenzi wawili ikawa haitafutiki, yani kazi ya miaka yote huwezi kuifikia. Wengi wakakimbilia Pinboard, tovuti nyingine ya linki, na mwenye Pinboard alipouliza mwataka nini mashabiki wakamwandikia hati ya zaidi ya kurasa 50! Mtu asojali haandiki kurasa 50.

Wa Mtwapa:
Mi mdogo kwenu, nimekuja wakati wa Tumblr, kazi yetu ilikuwa kureblogi tu, yani kusambaza posti ya mwenzio bila kuongeza neno. Lakini msitulaumu sana, kebo za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika hapa hapa Mombasa 2009, bando zikaja kuwa rahisi, mtu hana haja ya kuchaguliwa cha kusoma, afungua zote aone mwenyewe. Ila kweli, hizo nlizofungua mwaka jana hata moja siwezi kukutajia.

Wa Kisauni (mwenye uzi):
@Wa Likoni, ile flashi bado unayo? Kama zile kurasa za Jumapili zimo ndani n'ambie, ntavuka na leptopu Jumamosi tuzinakili zote, na maelezo yake.

Wa Likoni:
Iko kwa mamangu, kwenye kopo la vifungo. Njoo baada ya alasiri.