Mrejesho: majibu ya kingamwili yaliyokuwa yakipishana

Awali niliuliza kwa nini, nikiwa msaidizi wa utafiti katika maabara ya kutengeneza chanjo, vipimo vyangu vya kingamwili kwa njia ya ELISA (ambapo ukolevu wa rangi huonyesha wingi wa kingamwili) vilitoa majibu yanayopishana kwa seramu ileile, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Nawashukuru kwa dhati, kwani chanzo kimepatikana: vishimo vya pembezoni mwa sahani ya kupimia vilipata joto mapema na kupoteza maji kwa mvuke kuliko vya katikati, hivyo rangi ikakolea pasipostahili. Sasa nafunika sahani kwa utando wa kunata, na vishimo vya pembeni navijaza bafa (mmumunyo wa kutunza kiwango cha asidi) pekee, bila seramu. Seramu nayo nimeigawa katika mirija midogo, kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ili isiyeyushwe mara kwa mara. Damu ya waliojitolea haistahili kupotea kwa uzembe. Msimamizi ameniruhusu kurudia sahani zote zilizotiliwa shaka, na tatu za kwanza zimekubaliana.