Umenisikia nikisema NINI? Uzi wa yule "mwezeshaji" wetu wa midahalo

Kalamu_Kavu (mleta uzi):
Wakuu, naandika huku natetemeka. Nimetoka ukumbini sasa hivi, hata begi sijalivua mgongoni.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa skafu. Yule anayefumba macho ukiongea ili uone jinsi anavyokusikiliza. Leo kaitisha mdahalo wake wa "kuzungumza licha ya tofauti zetu". Mada: mgeni mwenye msimamo unaowaudhi watu aruhusiwe kuhutubia chuoni, au afungiwe geti? Mada ya moto. Mimi hoja yangu nimelala nayo siku tatu.

Saa nzima nimenyoosha mkono. Damu imeshuka yote, mkono si wangu tena, mtu angeweza kutundika koti. Yeye anasoma kanuni. Kanuni ya kwanza, tusikilizane. Ya pili, tusikatizane. Ya saba (ndiyo, SABA), kila sauti ina uzito sawa. Zimebaki dakika nne, maiki ikanifikia. Nikakohoa kidogo. Nikasema, "Mimi naona..."

AKAICHUKUA. Na tabasamu juu. "Asante sana kwa mchango wako, tumekusikia."

Mmenisikia nikisema nini? Nimesema maneno MAWILI, na moja ni "mimi"!

Haikuishia hapo. Kaenda kwenye lile likaratasi la ukutani, kashika marka peni, kaandika kwa herufi kubwa: "BAADHI YA WASHIRIKI WANAONA." Kaweka nukta. Kapiga mstari chini yake. Ukumbi mzima makofi.

Wanaona NINI??

Mstari_wa_Nyuma:
Asante sana kwa mchango wako mkuu. Tumekusikia.

Bibi_Maktaba:
Nimecheka mpaka nimetolewa nje. Ila mkuu, kwani ulikuwa unaona nini?

Kalamu_Kavu:
Hilo siyo suala. Suala ni "WANAONA." Na nukta! Angeweka hata mkato ningejua anakusudia kurudi.

Mstari_wa_Nyuma:
Hii chai. Hakuna mtu wa hivyo.

Bibi_Maktaba:
Yupo. Mimi muhula uliopita aliniandika "ANAHISI."

Ngumi_Jiwe:
Vijana wa siku hizi bure kabisa. Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, Oktoba 1964, polisi walimkamata mwenzao kwa sababu ya meza ya kugawia makaratasi ya siasa chuoni. Wanafunzi wakalizingira gari la polisi saa 32, yeye akiwa ndani, wakageuza paa lake jukwaa. Mwanafunzi mmoja, Mario Savio, alivua viatu kwanza asiliharibu gari, ndipo akapanda kuhutubia. Juu ya gari la polisi! Wewe mtu wa skafu kakunyang'anya maiki ukaja kulia huku. Nasikia hata "asante" ulimwambia.

Kalamu_Kavu:
Sikusema asante.

Pembeni_Yako:
Ulisema. Mimi ndiye niliyekaa kushoto kwako. Ulisema "asante" halafu ukainama kidogo.

Na kwa taarifa yenu, mimi na mleta uzi hatukubaliani kwa lolote. Mimi ni wa kufunga geti. Nilijua atakuja na lile tamko la Chuo Kikuu cha Chicago la 2015, kwamba si kazi ya chuo kuwakinga watu na mawazo wanayoyachukia. Nami nilikuwa nimemwekea jibu: tamko hilohilo linakiachia chuo nafasi ya kuzuia vitisho, kashfa na unyanyasaji, kwa hiyo tubishane mstari upite wapi. Jibu zuri, nimelifanyia kazi usiku kucha. Limeniozea mfukoni kwa sababu mtu niliyetaka kumpinga hakupewa nafasi ya kusema. Kwa hiyo hata mimi nimeonewa. Pia ulinikanyaga ukiwa unatoka.

Kalamu_Kavu:
Samahani kwa mguu. Tamko la Chicago ndilo nililokuwa nalo, ndiyo. Lakini turudi kwenye nukta.

Profesa_wa_Kujitegemea:
Ngoja niwasaidie. Mwanasaikolojia Gordon Allport alishaeleza mwaka 1954 kwamba kukutanisha tu makundi yanayotofautiana hakutoshi. Chuki hupungua vizuri zaidi yakiwepo mambo manne: hadhi sawa kati ya waliokutana, lengo moja, ushirikiano wa kulifikia, na mamlaka kuunga mkono.

Bibi_Maktaba:
Hadhi sawa? Yeye alikalia kiti cha kuzunguka, sisi mabenchi.

Profesa_wa_Kujitegemea:
Vilevile mwanasaikolojia Carl Rogers, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipendekeza kanuni moja tu badala ya hizo saba: usijibu hoja ya mwenzako mpaka uirudie kwa maneno yako, na mwenyewe akiri kwamba umeipata.

Mstari_wa_Nyuma:
Sasa mbona aliirudia? Kalamu kasema "naona", mzee kaandika "wanaona". Rogers angempa vema.

Kalamu_Kavu:
Mimi nakereka na nyie mnafanya utani.

Binti_Takwimu:
Afadhali wewe una maneno mawili kwenye kumbukumbu. Kundi letu la kazi ya darasa tuko sita. Mmoja tangu wiki ya kwanza ametuma ujumbe mmoja tu: "Nipo pamoja nanyi." Yupo pamoja nasi wapi? Tumemaliza sura nne hatujamwona.

Ngumi_Jiwe:
Wa kwenu kanyamaza, shukuruni. Semina yetu ina mtu anayeanza na "nina maswali matatu". La kwanza lina a, b na c. Mwishoni anasema "hili siyo swali, ni maoni". Mhadhiri alizeeka mbele ya macho yetu.

Mstari_wa_Nyuma:
Huyo namjua! "Kama nyongeza ya nyongeza yangu."

Bibi_Maktaba:
Mnaongelea semina wakati maktaba imegeuka bunge. Kuna wawili wanabishana kwa kunong'ona, mnong'ono unapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Ukiwatazama wanakutazama kama wewe ndiye umeingilia.

Kalamu_Kavu:
Wakuu, "BAADHI YA WASHIRIKI WANAONA." Likaratasi bado lipo ukutani hadi sasa, watu wanapiga nalo picha.

Pembeni_Yako:
Hao wawili wa maktaba ni mimi na mwenzangu. Tunajadili. Haikuhusu.

Bibi_Maktaba:
KUMBE.

Binti_Takwimu:
Subirini, sijamaliza. Leo yule wa "nipo pamoja nanyi" kaibuka. Kachukua kazi yetu, kaongeza jalada, na kwenye jalada jina lake liko juu kabisa: "Kiongozi wa kundi."

Ngumi_Jiwe:
Kiongozi wa nini?

Binti_Takwimu:
Nami ndicho nilichomuuliza. Akasema mchango wake ni wa kimkakati.

Kalamu_Kavu:
Ngoja kwanza. Huyo kiongozi wenu, kitambulisho chake kina kamba nyekundu? Mrefu, anatembea kama amechelewa?

Binti_Takwimu:
Ndiye!

Kalamu_Kavu:
Ana flashi yangu tangu muhula uliopita! Ina kazi zangu ZOTE. Yuko wapi saa hizi?

Binti_Takwimu:
Chaja yangu pia anayo. Ameonekana upande wa maabara.

Kalamu_Kavu:
Nashuka. Mwenye namba ya chumba chake aje inboksi.