Mrejesho: Moduli ya ABS iliyopotea kwenye mtandao wa gari

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini mashine ya kusoma kodi za hitilafu haiioni moduli ya ABS (kompyuta ya breki inayozuia magurudumu kujifunga) ya gari langu hapa Malindi. Aliyesema nitoe waya wa betri nipime ukinzani kwa omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD (pale mashine inapochomekwa) ndiye aliyenivusha: badala ya 60 nilipata 120, yaani kati ya rezista mbili zinazofunga ncha za laini ya mawasiliano ya moduli, moja haifiki. Kwenye soketi ya ABS pini mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Chumvi ya pwani haina huruma. Fundi umeme akazisafisha, moja akaibadilisha, kipimo kikarudi 60 na moduli zote zikasomeka. Kukaza waya wa ethi (unaounga umeme na bodi ya gari) hakukunisaidia. Taa ya ABS bado huwaka mara mojamoja. Kodi ya hitilafu iliyobaki ni ya sensa (kihisi) ya gurudumu la nyuma kushoto.